Abiria Akigeuza Mgongo: Wizi wa Wakaguzi Katika Viwanja vya Ndege

Mwishoni mwa Juni 2023, kamera za uwanja wa ndege wa Miami, Marekani, zilinasa tukio la sekunde chache. Trei za abiria zimepangwa kwenye mkanda zikingoja kuingia kwenye mashine ya eksirei. Kando yake wamesimama wakaguzi wenye sare za TSA, wakala wa serikali unaosimamia usalama wa usafiri nchini humo. Mmoja anaivuta pochi iliyowekwa juu ya trei, anapenyeza vidole, anachomoa noti, kisha pochi inarudi ilipokuwa na mkono unaishia mfukoni. Dola 600 zimeondoka. Trei inaingia kwenye mashine kama kawaida, na mwenye mali anaipokea upande wa pili ikiwa na kila kitu kinachoonekana kwa macho.

Wahusika walikamatwa Julai mwaka huo. Hati za polisi zilieleza kuwa huo haukuwa udokozi wa siku moja, na kwamba washirika hao, wanapokuwa zamu moja, walikuwa wakijipatia wastani wa dola 1,000 kwa siku. Abiria waliopoteza fedha hizo, wengi wao bila shaka, walikuja kugundua wakiwa hewani, au hotelini siku ya pili, au hawakugundua kabisa. Mtu aliyetoka nyumbani saa tisa za usiku na kupanga foleni tatu huwa hakumbuki kwa uhakika kama pochi ilikuwa na noti kumi na mbili au nane. Hujishuku mwenyewe kwanza, pengine hata na aliyesafiri naye, kabla hajamfikiria mtu mwenye sare.

Video ya Miami ilisambaa dunia nzima kwa sababu ilionyesha jambo ambalo abiria wengi walikuwa wakilihisi tu. Lakini kumbukumbu za wizi wa aina hii ni za miaka mingi. Mwaka 2012 televisheni ya ABC News ya Marekani ilipata kutoka TSA takwimu kwamba maofisa 381 walikuwa wamefukuzwa kazi kwa wizi tangu 2003. Wakala huo ulijitetea kwamba idadi hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja ya maofisa wote waliowahi kuajiriwa. Utetezi huo ni wa kweli, na haki inadai utajwe. Hata hivyo unahesabu waliokamatwa tu, ilhali wizi huu umejengwa kwa namna ambayo anayeibiwa mara nyingi hana pa kuanzia kulalamika.

Malalamiko yenyewe yanatoa picha pana zaidi. Kati ya 2010 na 2014, abiria wa Marekani waliwasilisha madai 30,621 ya vitu vya thamani vilivyopotea, kwa mujibu wa uchambuzi wa CNN uliotangazwa 2015. Thamani yake ilifikia dola milioni 2.5, na sehemu kubwa ilikuwa ya vitu vilivyotoka kwenye mabegi yaliyokabidhiwa kaunta. Uwanja wa JFK wa New York ulikuwa miongoni mwa vilivyolalamikiwa zaidi. Takwimu hizo zinachanganya mengi: vilivyoibwa na wakaguzi, vilivyodokolewa na wapakiaji wa mizigo, vilivyosahauliwa, na yumkini vichache ambavyo havikuwahi kuwamo begini. Kuzitenganisha ni kazi ngumu, na ugumu huo ndio kinga kubwa ya mwizi.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapo, inafaa kurudi Novemba 2001. Kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, ukaguzi wa abiria Marekani ulifanywa na kampuni binafsi zilizolipwa na mashirika ya ndege. Baada ya mashambulizi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda TSA na kuagiza kwamba hadi mwisho wa 2002 kila begi linaloingia tumboni mwa ndege liwe linakaguliwa kutafuta milipuko. Lilikuwa agizo la lazima, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipinga. Tatizo ni namna lilivyotekelezwa. Mabegi yalikuwa mamilioni, muda ulikuwa mfupi, na kumwita kila abiria aje afungue begi lake kungezikwamisha safari. Kwa hiyo yakaanza kufunguliwa nyuma ya kuta, mwenyewe akiwa mbali, na abiria aliachiwa karatasi ndani ya begi inayomjulisha kwamba mzigo wake umekaguliwa.

Kisha zikaja kufuli maalumu ambazo wakaguzi wana funguo zake kuu. Abiria aliyefunga kwa kufuli nyingine aliambiwa kwamba inaweza kukatwa na asilipwe. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ambamo funguo hizo kuu zilionekana wazi, na kufikia 2015 watu waliokuwa wamezitazama kwa makini walikuwa wakizitengeneza upya kwa printa za 3D. Kufuli iliyotakiwa kumpa abiria utulivu wa moyo ikawa inafunguliwa na yeyote mwenye nia na zana za bei nafuu.

Hapo ndipo kiini cha suala lote kilipo. Kinachozaa wizi ni mali kukaa mikononi mwa mtu mwingine bila shahidi na bila kumbukumbu. Tabia mbaya ya mkaguzi ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni utaratibu unaomtenga abiria na kitu chake, unaomkataza kukisogelea, kisha unamkabidhi tena bila orodha, bila sahihi, bila jina la aliyekigusa. Benki haipokei shilingi elfu kumi kwa utaratibu wa namna hiyo, lakini uwanja wa ndege unapokea hivyo kompyuta, mikufu ya dhahabu na akiba ya miaka miwili.

Na kuna jambo la pili linalouweka wizi huu mbali na wizi wa kawaida wa mizigo: mashine. Mpakiaji anayetaka kuiba hubahatisha, anafungua zipu bila kujua kama atakuta nguo au kamera. Mkaguzi hana haja ya kubahatisha. Skrini inamwonyesha umbo la kila kitu, na baada ya miezi kadhaa kazini jicho lake linatambua lenzi, saa, hata mabunda ya noti yaliyofungwa kwenye shati. Chombo kilichonunuliwa kwa fedha za umma ili kuwalinda wasafiri kinamsaidia kuchagua begi la kuiba.

Januari 2011 katika uwanja wa JFK, mkaguzi mmoja aliona fedha nyingi kwenye skrini begi lilipokuwa likipita. Akamjulisha mwenzake, na huyo akaliwekea begi alama kwa kipande cha utepe ili lisipotee katika wingi wa mizigo. Baadaye walilifikia na kuchukua karibu dola 40,000. Wote wawili walikiri kosa mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha miezi sita kila mmoja, ikifuatiwa na miaka mitano ya uangalizi. Kinachoshtua katika kesi ile ni ule utepe. Watu wawili waliokuwa zamu waliwasiliana, wakagawana kazi, wakatia alama mzigo, na hakuna chochote katika taratibu za eneo lile kilichowakwamisha.

Kesi ya Pythias Brown inaeleza zaidi. Brown alikuwa ofisa wa TSA katika uwanja wa Newark, jimbo la New Jersey, na kwa takriban miaka minne aliiba vitu vyenye thamani ya zaidi ya dola 800,000. Polisi walipopekua nyumba yake Oktoba 2008 walikuta kamera 66 na kompyuta mpakato 31, pamoja na simu, vito na vifaa vingine. Vitu hivyo alikuwa akiviuza mtandaoni kupitia eBay, na kilichomwangusha ni kamera ya kituo cha televisheni cha CNN ambayo aliitangaza kuiuza bila kumaliza kuondoa vibandiko vya kituo hicho. Alifungwa miaka mitatu. Baada ya kutoka aliongea na ABC News akaeleza kuwa wizi kazini kwao ulikuwa jambo la kawaida.

Miaka minne ni muda mrefu. Katika muda huo alikuwa na wasimamizi, alifanya zamu na wenzake, aliingia na kutoka akiwa na vitu vikubwa kama kamera za televisheni. Aliyemnasa hakuwa kamera ya uwanja wala mkuu wake wa kazi. Alinaswa na mwenye mali aliyeitambua mali yake sokoni. Ni nadra mwathirika kuwa na bahati hiyo. Mama anayesafiri na bangili za dhahabu za binti yake hana kibandiko cha kuzitambulisha, wala hana wafanyakazi wa kumtafutia mtandaoni.

Newark iliendelea kutoa habari. Mwaka 2011 msimamizi wa zamu katika uwanja huohuo alikiri mahakamani kwamba alikuwa akipokea mgawo kutoka kwa ofisa aliye chini yake, naye akimwacha aendelee kuwaibia abiria. Msimamizi aliyewekwa kuzuia wizi alikuwa akiulinda, na alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Lakini la kuumiza zaidi katika kesi ile ni namna waathirika walivyochaguliwa. Kwa mujibu wa hati za mashtaka, walengwa wakuu walikuwa wanawake wa Kihindi waliokuwa wakirudi kwao na ambao Kiingereza chao kilikuwa kidogo. Walichaguliwa kwa sababu wana fedha taslimu, wana haraka ya kuwahi ndege, hawana lugha ya kulalamikia, na saa chache zijazo watakuwa bara jingine.

Jambo hilo linamgusa moja kwa moja msafiri kutoka Afrika Mashariki. Vigezo hivyo vinne vinamfaa kabisa kijana wa Mombasa anayerudi kutoka Doha baada ya mkataba wa miaka miwili, mama wa Unguja anayetoka kumtembelea mwanawe Muscat, mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda kufunga mzigo Guangzhou au Dubai na dola zake kiunoni. Hawa hubeba fedha taslimu kwa sababu za msingi. Kadi za benki za nyumbani hukataa ugenini, gharama za kutuma fedha ni kubwa, na wauzaji wengi wanataka malipo mkononi. Ni halali kabisa. Nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Marekani, zinamtaka msafiri atangaze tu anapobeba kuanzia dola 10,000 au zaidi ya hapo. Lakini abiria asiyejua sheria hiyo vizuri huficha fedha kama mtu mwenye kosa, na akiibiwa hunyamaza kama mtu mwenye kosa.

Mapema 2023 mitandao ya kijamii ya Uganda ilifurika malalamiko ya watu waliopitia Entebbe. Wengi wao walikuwa wasafiri wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba au ndugu zao. Wengine walilalamikia maofisa waliowadai fedha ili wapite, wengine hela zilizotoweka kwenye ukaguzi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ilikiri kwamba kulikuwa na wafanyakazi waliokamatwa. Malalamiko yale yanaonyesha jinsi wizi na rushwa vinavyoishi nyumba moja. Mkaguzi anayezoea kuambiwa "chukua hii ya chai" na abiria mwenye haraka hufika mahali akaona ile chai ni haki yake. Asiyeitoa kwa hiari, inachukuliwa. Na abiria anayetoa kitu kidogo ili mzigo wake upite haraka anamfundisha mkaguzi kwamba kila mzigo una bei.

Ufilipino imepitia hatua zote hizo, tena hadharani. Nchi hiyo inaishi kwa kiasi kikubwa kwa fedha za raia wake wanaofanya kazi nje, na uwanja wa Manila ndio mlango wao. Mwaka 2015 iliibuka kashfa iliyopewa jina la tanim-bala, yaani kupandikiza risasi. Abiria walidai kwamba wakaguzi walikuwa wakitumbukiza risasi kwenye mabegi yao, kisha "kuigundua" na kuomba fedha ili suala lisifike polisi. Mmisionari kijana kutoka Marekani alisema aliombwa peso 30,000, na alipokataa akawekwa mahabusu kwa siku kadhaa. Wafanyakazi waliokuwa wakirejea makazini Saudi Arabia na Hong Kong wakaanza kuyazungushia mabegi yao nailoni tabaka kwa tabaka, hata ya mkononi, kwa hofu ya watu waliolipwa kuwalinda.

Miaka minane baadaye, Septemba 2023, kamera za uwanja huohuo zilimwonyesha ofisa wa ukaguzi akiwa na noti alizokuwa akituhumiwa kuzitoa kwenye mali ya abiria kutoka China. Alizikunja, akazisukumia mdomoni, akanywa maji kuzisindikiza, akaendelea kusukuma kwa kidole huku akijifunika kwa kitambaa. Zilikuwa dola 300. Ukiitazama picha ile, unamwona mtu anayejua kabisa kwamba akipekuliwa na noti zikakosekana, hakuna kesi. Ofisi yake ilikuwa imeshakumbwa na matukio mengine ya wizi mwaka huohuo, na safari hii shinikizo la wabunge lilimfanya mkuu wa idara ya usalama wa usafiri, Ma.O Aplasca, aachie ngazi. Ni mara chache sana mkubwa wa taasisi kuwajibika kwa wizi wa wadogo wake, na inafaa itajwe kwamba Manila ilifanya hivyo.

Je, tatizo ni mishahara? Hoja hiyo husikika kila kesi inapotokea na ina uzito wake. Kwa miaka mingi wakaguzi wa TSA walilipwa chini ya watumishi wengine wa serikali kuu, na ongezeko la kuwasawazisha lilianza kulipwa Julai 2023 tu. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 serikali ya Marekani ilipofunga baadhi ya shughuli kwa siku 35 kwa mgogoro wa bajeti, wakaguzi walitakiwa kufika kazini bila mshahara, na wapo walioshindwa kumudu hata gharama ya kufika. Kumwachia mtu mwenye njaa trei za watu wenye saa za dola elfu tano ni kumjaribu. Lakini maelfu ya wakaguzi walipitia siku hizo 35 na hawakuiba. Na msimamizi wa Newark hakuwa mlipwa duni kuliko wote. Umaskini unaeleza kishawishi. Hauelezi ni kwa nini mtu mmoja aibe kwa miaka minne asionekane.

Suala la nani aajiri wakaguzi nalo halina jibu la mkato. San Francisco hadi leo inatumia kampuni binafsi chini ya usimamizi wa TSA. Italia, mwaka 2013, polisi waliweka kamera za siri kwenye matumbo ya ndege wakanasa makumi ya wapakiaji wa mizigo, na hao hawakuwa wakaguzi kabisa. Heathrow ya London ilikuwa na sifa mbaya ya wizi wa mizigo tangu miaka ya 1960, kabla TSA haijafikiriwa. Yeyote anayekabidhiwa mali bila kumbukumbu, awe wa serikali au wa kampuni, yuko mahali palepale pa kishawishi.

Jaribio la ABC News la 2012 linafaa kutazamwa kwa utulivu kwa sababu linatenda haki kwa pande zote. Waandishi waliacha kwa makusudi aipadi kwenye vituo vya ukaguzi vya viwanja kumi vyenye historia ya wizi, kila moja ikiwa na mawasiliano ya mwenyewe. Tisa zilirudishwa. Ya kumi, iliyoachwa Orlando, haikurudi, na programu ya kuitafuta ilionyesha kwamba imetoka uwanjani na iko kwenye nyumba ya ofisa mmoja. Baada ya wiki mbili waandishi walibisha hodi. Ofisa akakana kuijua. Wakaiamuru aipadi ipige kengele, ikasikika ikilia ndani. Akaitoa, akamtupia lawama mkewe, na muda mfupi baadaye akafukuzwa kazi. Tisa kwa kumi ni habari njema kwa wakaguzi waaminifu. Ile ya kumi isingejulikana kamwe kama isingeweza kusema ilipo.

Teknolojia hiyo sasa iko mikononi mwa abiria wa kawaida. Tangu Apple ilete AirTag mwaka 2021, wasafiri wengi huweka kifaa hicho kidogo ndani ya begi. Agosti 2022 huko Florida, mfanyakazi wa kampuni inayohudumia mashirika ya ndege alikamatwa baada ya ishara ya kifaa cha namna hiyo kuwaongoza wapelelezi hadi mtaani kwake. Mali iliyohusishwa naye ilizidi dola 16,000. Hata hivyo kifaa hicho kinafuata begi zima. Noti tatu zilizochomolewa kwenye pochi hazipigi kengele.

Na abiria akishagundua, aende wapi? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu kila mlango humwelekeza mlango mwingine. Shirika la ndege linasema mzigo ulikaguliwa na watu wa usalama. Watu wa usalama wanasema mzigo ulipita kwa wapakiaji. Kampuni ya wapakiaji inasema begi lilibadilisha ndege Addis Ababa au Doha. Polisi wa uwanja alikoshukia wanamwambia kosa limetendeka alikotoka. Kila mmoja anasema jambo linalowezekana kuwa kweli, na mwisho wa siku abiria anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unatoa njia moja iliyo wazi ambayo wasafiri wengi hawaijui. Mzigo uliokabidhiwa kaunta ukipotea au kuharibika ukiwa chini ya dhamana ya shirika la ndege, shirika ndilo linalowajibika, na abiria hahitaji kumtaja mwizi. Ukomo wa fidia tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho kwa dola kinakaribia 2,000. Abiria mwenye mali ya thamani zaidi anaweza kuitangaza kaunta anapokabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada ili ukomo upande.

Lakini mkataba huohuo una pengo linalolingana barabara na trei ya Miami. Kwa vitu ambavyo abiria anabaki navyo mkononi, shirika la ndege huwajibika tu ikiwa hasara imetokana na kosa lake au la watumishi na mawakala wake. Mkaguzi wa serikali si mtumishi wa shirika la ndege. Kwa hiyo ushauri ambao kila msafiri hupewa, kwamba fedha na dhahabu ziwe kwenye mkoba wa mkononi, unamtoa kwenye mikono ya wapakiaji na kumwingiza mahali ambapo mkataba haumlindi. Hapo anabaki na polisi wa uwanja na mamlaka ya uwanja. Marekani walau imeweka utaratibu wa kuidai TSA yenyewe, na abiria ana miaka miwili ya kuwasilisha dai.

Njia za kupunguza wizi huu zinajulikana na nyingi hazihitaji mashine mpya. Katika viwanja vya Dar es Salaam na Nairobi mizigo hupita kwenye skana mara abiria anapoingia jengoni, mwenyewe akiwa pale, na begi lenye utata hufunguliwa na mwenye begi mbele ya mkaguzi. Wageni wengi hulalamikia foleni hiyo. Kwa mtazamo wa usalama wa mali, ni mpango bora kuliko begi kufunguliwa chumba cha chini na watu wasiojulikana, na ungestahili kulindwa hata viwanja vinapopanuliwa. Begi likilazimika kufunguliwa mwenyewe akiwa hayupo, karatasi inayoachwa ndani iwe na namba ya mkaguzi na saa, si tangazo tu.

Kamera nazo zinasaidia pale tu mtu asiye wa kitengo kile anapozitazama. JFK wezi walikuwa wawili, na Newark msimamizi alikuwa mshirika, kwa hiyo kuwapanga wakaguzi wawili wawili hakutoshi, wala kumwachia msimamizi wa zamu ulinzi wa zamu yake. Kilichofanya kazi Miami na Manila ni rekodi iliyofika mikononi mwa watu wa nje ya ile meza. Jambo jingine ni takwimu. TSA imewahi kuchapisha data za madai ya abiria kwa kila uwanja, na bila data hizo CNN isingeweza kuonyesha viwanja vinavyolalamikiwa zaidi. Mamlaka za Afrika Mashariki zikichapisha za kwao kila mwaka, kwa jina la uwanja na aina ya mali, wasafiri na waajiri wa wakaguzi watajua wapi pa kuangalia kwanza.

Kwa abiria mwenyewe, dakika ya hatari ni ile ya kati ya kuweka trei kwenye mkanda na kuipokea. Fedha zikae ndani ya mkoba uliofungwa zipu, si kwenye pochi iliyo wazi juu ya trei. Trei isisukumwe ndani mpaka mwenyewe awe tayari kuvuka, na akiitwa kupekuliwa mwili kwa mkono ana haki ya kuomba mali yake iwekwe mahali anapoiona. Wanaosafiri wawili wavuke mmoja mmoja, wa kwanza apokee za wote. Fedha zihesabiwe kabla, na picha ya vitu vya thamani ipigwe begi likiwa wazi. Begi la kaunta lifunguliwe palepale ukumbini karibu na mkanda wa mizigo, na kama kuna kilichopungua, taarifa iandikwe kwenye dawati la shirika kabla ya kutoka mlangoni. Dai la maandishi lina muda wa siku 7 kwa mzigo ulioharibika, na mashirika mengi huhesabu mzigo ulionyofolewa sehemu yake kuwa ni mzigo ulioharibika. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu abiria anapoupokea mzigo, hata kama hataufungua mpaka afike kijijini.